Barua ya wazi kwa bodi za ushirika na wenye mashamba wa Tanga: kabla hamjasaini mkataba wa mfumo

Kwa wenyeviti na wajumbe wa bodi za SACCOS (vyama vya akiba na mikopo) na AMCOS (vyama vya masoko ya mazao), mameneja wa mashamba ya mkonge na chai, na wenye maghala na viwanda, Mkoa wa Tanga.

YAH: UHAI WA MIFUMO YA KOMPYUTA MNAYOTAKA KUNUNUA

Ndugu viongozi,

Msimu wa makisio umekaribia, na najua kwenye meza za wengi wenu kuna makabrasha ya wazabuni wa mifumo ya kompyuta. Wengine wameshakuja na projekta. Mmeoneshwa ripoti zenye rangi, mmeoneshwa ujumbe mfupi unavyomfikia mwanachama wa Maramba dakika ileile anapolipa rejesho, na mmeambiwa kwamba chama jirani kimeshaununua. Kuna swali ambalo sijalisikia likiulizwa kwenye vikao hivyo: mfumo huu umejengwa juu ya nini, na hicho kilicho chini yake kitaishi mpaka lini?

Nauliza kwa sababu kazi yangu hapa Tanga ni kutunza mifumo baada ya walioiuza kuondoka. Mkiipuuza barua hii mfukoni mwangu hakuna kitakachopungua, pengine nitapata kazi zaidi. Lakini mimi pia ni mwanachama. Akiba yangu imo kwenye kompyuta hizohizo, na ningependa kuikuta.

Mifumo ya serikali naiacha kando. Tume ya Maendeleo ya Ushirika ina mfumo wake wa MUVU, Mamlaka ya Mapato (TRA) ina mashine zake za stakabadhi za EFD na taratibu zake, na huko hamchagui, mnafuata. Nazungumzia ile mnayoinunua wenyewe kwa fedha za wanachama au za kampuni: ya mikopo, ya mishahara, ya mizani ya kupokelea mazao, ya stoo, ya mauzo.

Tuanze na muda, maana hapo ndipo hesabu inapogoma. Mkonge hukatwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu hivi, kisha huendelea kukatwa mwaka hadi mwaka mpaka utoe mlingoti na kufa. Mkulima anayekopa leo kuandaa shamba atakuwa kwenye vitabu vyenu kwa mkopo, kwa mavuno na kwa makato mpaka mtoto wake amalize shule. Mwanachama wa SACCOS anayejiunga akiwa na miaka 25 na kustaafu akiwa na 60 anahitaji daftari litakaloikumbuka akiba yake kwa miaka 35. Akifariki kabla ya hapo, warithi watakuja na cheti cha kifo mkononi wakiuliza marehemu alikuwa na hisa ngapi. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inataka kumbukumbu zitunzwe miaka 5, lakini huo ni muda wa TRA, si wa mjane.

Sasa wekeni pembeni yake umri wa vitu tunavyojengea. Windows 10 ilitoka Julai 2015, na tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ikasitisha huduma zake za kawaida. Mkonge uliopandwa mwaka ule huenda bado unakatwa. Na Windows ni miongoni mwa vitu vinavyoishi muda mrefu kwenye biashara hii.

Flash je, ile programu ya kuonesha video na picha zinazocheza kwenye tovuti? Wenye umri wangu mnaikumbuka; kulikuwa na wakati tovuti nzima ilikuwa haifunguki bila Flash. Adobe ilitangaza mwaka 2017 kwamba itakwisha mwishoni mwa 2020, na kuanzia tarehe 12 Januari 2021 programu yenyewe ikakataa kufungua chochote. Taarifa ilikuwa imetolewa zaidi ya miaka mitatu kabla. Hata hivyo SARS, mamlaka ya mapato ya Afrika Kusini, iliufikia mwezi ule ikiwa bado na fomu za kodi zinazotegemea Flash, ikabidi itengeneze kivinjari chake maalumu, yaani programu ya kufungulia tovuti, ili walipakodi waendelee kuzijaza. Hiyo ni taasisi ya taifa, yenye wataalamu wa kuajiriwa. Chama chenye karani mmoja na kompyuta mbili kingefanya nini?

Waliodhani dawa ni kukimbilia jina kubwa zaidi hawakupona. Microsoft ilileta Silverlight mwaka 2007 ili ishindane na Flash, na Oktoba 2021 ikaifunga. Aliyehama kutoka kwa Adobe kwenda kwa Microsoft alilipia kazi ileile mara mbili. Kwa hiyo mzabuni akiwaambia "hii ni teknolojia ya kampuni kubwa ya Marekani, haiwezi kufa", jibuni kwamba kampuni kubwa ya Marekani ndiyo yenye uwezo wa kuua kitu bila kutetereka. Hasara yake ni mstari mmoja kwenye taarifa ya mwaka. Yenu ni daftari la wanachama.

Nataka nikae kidogo kwenye Visual Basic 6, lugha ya Microsoft ya kuandikia programu, kwa sababu inafundisha jambo ambalo vijana wengi wa fani yangu hawalioni. Ilitoka mwaka 1998. Zana ya kuandikia programu zake iliondolewa kwenye huduma Aprili 2008. Lakini programu zilizokwisha kuandikwa kwa lugha hiyo bado zinafanya kazi hata kwenye Windows 11, kwa sababu Microsoft imeendelea kubeba faili za kuziendeshea. Ukiingia ofisini utaona skrini ya kijivu, vitufe vya zamani, mishahara inatoka, na meneja anakuambia kwa fahari kuwa mfumo wake haujawahi kumwangusha.

Sawa. Halafu inakuja Sheria ya Fedha. Mwaka 2021 kiwango cha chini cha PAYE, kodi inayokatwa kwenye mshahara, kilishuka kutoka asilimia 9 hadi 8. Mwaka 2023 tozo ya SDL, anayolipa mwajiri kwa ajili ya mafunzo ya ufundi, ikashuka kutoka asilimia 4 hadi 3.5. Kama mwandishi wa mfumo aliviweka viwango hivyo kwenye jedwali ambalo mhasibu anaweza kulifungua na kulirekebisha, kazi ni ya dakika tano. Kama alivizika ndani ya msimbo wenyewe, yaani maandishi yanayounda programu, basi anatakiwa mtu mwenye msimbo, mwenye zana ya mwaka 1998 na mwenye kuijua lugha hiyo. Nimeona ofisi ambapo karani anaacha mfumo ukokotoe kodi kwa kiwango cha zamani, kisha anakaa na kikokotoo kusahihisha jina moja baada ya jingine, mwezi baada ya mwezi. Kompyuta inawaka, karatasi zinatoka, na mfumo umekufa siku nyingi. Kufa kwa mfumo si lazima uzimike. Unakufa siku ambayo hakuna tena mtu anayeweza kuubadilisha.

Mfano mzuri zaidi ninao hapa kwetu wala hauhusu kompyuta. Nendeni kwenye shamba la zamani la mkonge mkaangalie mashine ya korona. Kuna za Kijerumani zilizoletwa kabla wengi wetu hatujazaliwa, na mpaka leo zinachuna nyuzi. Watu husifia chuma cha zamani, na kweli kilikuwa chuma. Lakini shafti huchakaa, beringi hufa, visu huisha. Mashine imeishi kwa sababu fundi mchongaji anaweza kuipima shafti iliyoisha, akachonga nyingine, akaifunga, bila kumwomba mtu ruhusa na bila kumwandikia barua aliyeitengeneza. Ninachowaomba kwenye mifumo ni hichohicho: ukimtoa aliyeuza, yupo mwingine anayeweza kuitengeneza na mwenye haki ya kufanya hivyo?

Kwa upande wa kanzidata, yaani pale kumbukumbu zenyewe zinapolala, jibu ni jepesi kuliko wazabuni wanavyotaka lionekane. Lugha ya SQL, ya kuulizia na kuandikia kanzidata, ilizaliwa kampuni ya IBM miaka ya sabini na ikawa kiwango rasmi Marekani mwaka 1986. Kampuni zimekuja na kuondoka, lugha ipo. Programu ya kanzidata ya PostgreSQL ilianzia Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka huohuo wa 1986, chini ya Michael Stonebraker. Leo haimilikiwi na kampuni yoyote. Toleo jipya hutoka kila mwaka, na kila toleo kubwa hurekebishwa kasoro zake kwa miaka 5, kwa hiyo unajua mapema lini utapanga kuhama kwenda lijalo. Haina ada ya leseni hata senti. Kwa kituo kidogo cha mizani huko Muheza au Pangani ambako kompyuta ni moja, kuna SQLite, iliyoanzishwa na Richard Hipp mwaka 2000. Hiyo imo ndani ya kila simu ya Android, ikiwemo iliyo mfukoni mwa katibu wenu, na watengenezaji wake wamesema wazi kwamba wanakusudia kuitunza mpaka mwaka 2050. Sijui wauza mifumo wangapi wanaweza kuwaandikia mwaka kama huo kwenye mkataba.

Hapa nitawasimulia vyama viwili ambavyo sitavitaja.

Cha kwanza kilikuwa na mfumo wa Visual FoxPro, zana ya Microsoft ya kujengea kanzidata. Toleo la mwisho la FoxPro lilitoka 2004, mwaka 2007 Microsoft ikasema hakutakuwa na jingine, na Januari 2015 huduma ikakoma. Aliyeuandika mfumo alishahama mkoa. Kompyuta ilipokufa, bodi ilidhani kila kitu kimekwenda nayo. Lakini diski ilikuwa nzima, na ndani yake kulikuwa na faili za DBF, muundo unaojulikana dunia nzima tangu enzi za dBase, programu ya zamani ya kanzidata. LibreOffice, programu ya bure ya ofisini, inazifungua kama jedwali la kawaida. Majina, hisa, akiba na marejesho yote yalikuwa yamepangana pale, safu kwa safu. Kilichobaki kilikuwa kazi ya kusafisha na kuhamisha.

Cha pili kilikuwa na mfumo mpya kabisa, wa kufungua kwenye kivinjari, mzuri wa kutazama. Ukatokea ugomvi wa ada ya mwaka. Muuzaji alikuwa ameifunga kanzidata kwa nenosiri alilolijua peke yake, na simu zikaacha kupokelewa. Kila kitu kilikuwa hai: kompyuta, programu, hata lugha iliyotumika. Makarani wakarudi kwenye vitabu vya wanachama na stakabadhi, wakaanza kuandika upya. Wanachama waliopoteza vitabu vyao walibishana na bodi mpaka kwenye mkutano mkuu.

Mnaona basi kwamba teknolojia iliyokufa ilirudisha amana, na iliyo hai ikainyima. Ndiyo maana simwambii mtu anunue kipya au anunue cha zamani. Namwambia aangalie kwanza kama kilichomo kinaweza kutoka.

Kuna jambo la leseni, na hili linawahusu zaidi wenye mashamba. Java ni lugha imara, imekuwepo tangu 1995, na mifumo mingi ya biashara imejengwa kwayo. Sina neno nayo. Lakini Oracle, iliyoinunua kampuni ya Sun iliyoizaa Java mwaka 2010, ilibadilisha utaratibu wa malipo ya Java yake Januari 2023. Usajili mpya hauhesabu kompyuta wala watumiaji, unahesabu wafanyakazi wote wa kampuni, wakiwemo wa muda. Bei iliyotangazwa kwa kampuni yenye watu chini ya 1,000 ni dola 15 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi. Chukueni shamba lenye watu 300. Wahasibu wanaogusa kompyuta ni wanne, waliobaki ni wakataji, wabeba majani, watu wa korona na walinzi. Kwa utaratibu huo wote wanahesabiwa, na kwa mwaka ni dola 54,000. Kwa mkataji ambaye hajawahi kuigusa kipanya.

Na hapohapo uzuri wa msimbo huria, ulio wazi kwa yeyote kuusoma na kuutumia, unaonekana, kwa sababu Java hiyohiyo ipo kwa jina la OpenJDK, inatolewa na wengine kadhaa bila malipo, na mfumo mwingi ulioandikwa kwa uangalifu utaendeshwa nayo bila kujua tofauti. Kosa ni kukubali mfumo uliofungwa kwenye ladha moja ya muuzaji mmoja pale ambapo ladha nyingine zipo. Mwulizeni mzabuni wenu: unatumia Java ya nani? Akisita, mmepata jibu.

Ila nisieleweke kwamba neno "huria" ni hirizi. CentOS 8, mfumo endeshi kama Windows uliokuwa kwenye seva nyingi duniani, yaani kompyuta zinazohudumia nyingine, uliahidiwa kutunzwa mpaka 2029. Desemba 2020 Red Hat, kampuni iliyousimamia, ikatangaza kwamba utakoma mwisho wa 2021. Watu walikasirika, na walikuwa na haki. Tofauti na Silverlight ni kilichofuata: kwa kuwa msimbo ulikuwa wazi, ndani ya mwaka 2021 zikawa zimetoka pacha zake, AlmaLinux na Rocky Linux, na wenye seva wakahama bila kuandika upya programu zao. Kanzidata ya MySQL nayo ilipelekwa Sun mwaka 2008, kisha Oracle. Mwasisi wake, Michael Widenius, akachukua msimbo na kuanzisha MariaDB mwaka 2009. Vijana wengi wa hapa wanajenga kwa lugha ya PHP na MySQL. Wenye majina ya kigeni zaidi mdomoni huwacheka, lakini mimi siwacheki. Mfumo wa PHP ulioandikwa kwa adabu, wenye kanzidata inayoweza kuhamia MariaDB, una nafasi nzuri ya kuwazika wengi wa waliowacheka.

Sasa wengi wenu mnashawishiwa msiwe na seva kabisa. Lipieni kila mwezi, kila kitu kiko mtandaoni, hamna haja ya fundi. Kuna ukweli ndani yake. Kompyuta inayokaa ofisi ya karibu na bahari, Raskazone au Pangani, inaliwa na chumvi, na umeme tunaujua. Siupingi mpango huo. Nataka tu mkumbuke kwamba mwenye nyumba anaweza kubomoa. Facebook iliinunua huduma ya Parse mwaka 2013, huduma ambayo watengeneza programu za simu waliitumia kuhifadhi kumbukumbu zao. Januari 2016 ikatangaza kuifunga, na Januari 2017 ikafungwa. Walipewa mwaka mmoja, na njia ya kuhamisha kilicho chao, na hata msimbo ukatolewa. Huo ndio mfano wa ustaarabu. Mkataba wenu unasema mtapewa muda gani? Mingi niliyoisoma haisemi lolote.

Na mtandao nao ni wa kukatika. Mei 2024 nyaya za baharini za intaneti, za EASSy na Seacom, zilipata hitilafu kwa pamoja, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Majani ya chai yaliyochumwa asubuhi hayasubiri meli ya kuunga waya. Yakichelewa kupimwa na kuingia kiwandani, ubora umeshuka. Mfumo wa mizani lazima uendelee kupima na kuandika hata mtandao ukiwa haupo, kisha upeleke kumbukumbu ukirudi. Mzabuni akisema hilo haliwezekani, ni kwamba yeye haliwezi. Tena kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, yenye masharti juu ya kupeleka taarifa za watu nje ya nchi. Namba za NIDA na madeni ya wanachama wenu ni taarifa za watu. Ulizeni seva iko nchi gani, na jibu liandikwe.

Nije kwenye watu, maana mwisho wa yote mfumo unaishi kwa watu. Tanga wanasema waja leo, waondoka leo. Wazabuni wengi wa mifumo wameuchukua msemo huo kama ratiba ya kazi. Anakuja kwa basi la asubuhi, anafunga programu, anafundisha makarani mpaka saa kumi, jioni yuko Kange anasubiri gari la kurudi. Kabla hamjachagua teknolojia, fanyeni uchunguzi ambao hauhitaji elimu ya kompyuta: tafuteni watu watatu tofauti, wasiofanya kazi kwa muuzaji, wanaoweza kuirekebisha. Wakiwa Tanga, vizuri zaidi. Wakiwa Dar es Salaam au Arusha, inakubalika. Asipopatikana hata mmoja Tanzania nzima, basi teknolojia hiyo inaweza kuwa bora kuliko zote duniani na bado isiwafae ninyi. Hili ni jambo ninalogombana nalo na vijana hodari kuliko mimi. Wanapenda zana iliyotoka juzi, na nawaelewa, ndivyo fani inavyojifunza. Ila wajifunzie kwenye kitu chao. AngularJS ya Google, zana ya kujengea kurasa za tovuti, ilikuwa ndiyo habari ya mjini miaka kumi iliyopita. Toleo lililofuata mwaka 2016 halikuelewana na la kwanza, na mwisho wa 2021 la kwanza likaachwa. Kuna wateja waliokabidhiwa mifumo iliyokuwa mizee kabla haijamaliza dhamana.

Nitaambiwa kwamba nataka mbaki na skrini za kijivu. Hapana. Gawanyeni mfumo sehemu mbili kichwani mwenu. Kuna ile inayoweza kufa bila msiba: programu ya simu ya kuangalia salio, ukurasa wa matangazo, ripoti ya rangi anayoipenda mwenyekiti. Hiyo ijengwe kwa chochote, ibadilishwe kila miaka mitatu minne, ipambwe mnavyotaka. Halafu kuna daftari lenyewe: nani ni nani, ana nini, anadaiwa nini, alipima kilo ngapi tarehe ngapi. Hilo likae kwenye kanzidata ya kiwango kinachojulikana, na sheria za kukokotoa riba na makato ziandikwe mahali pamoja, kwa lugha yenye watu wengi, mbali na mapambo. Mfumo uliochanganya vyote viwili unawalazimisha kuchimba msingi kila mnapotaka kupaka rangi, na huo ndio mfumo ambao mwishowe hakuna bodi inayothubutu kuugusa.

Gharama? Ndiyo, mzabuni anayekubali masharti haya anaweza kuwa ghali kidogo mwaka wa kwanza. Sina namna ya kulipunguza makali hilo. Naomba tu kwamba kwenye kulinganisha zabuni msilinganishe bei ya kununua peke yake. Wekeni ada ya kila mwaka kwa miaka kumi, wekeni leseni za kanzidata na za mfumo endeshi, wekeni na gharama ya kuhama siku mkiachana. Mara nyingi wa bei nafuu huwa wa mwisho.

Kwenye mkataba, mambo ninayoyapigania ni haya, na mwanasheria wenu atayaandika vizuri kuliko mimi. Nenosiri kuu la kanzidata liwe kwenye bahasha iliyofungwa, ndani ya sefu ya chama, na lijaribiwe mbele ya bodi siku ya makabidhiano. Msimbo ukabidhiwe, au uwekwe kwa mtu wa tatu anayeaminika, utolewe muuzaji akifunga biashara au akikaa siku zilizokubaliwa bila kuitika. Viwango vya kodi, riba na makato virekebishwe na mhasibu bila kumwita fundi. Kila robo mwaka kumbukumbu zote zitolewe kwenye faili za kawaida zinazosomeka bila mfumo wenyewe, CSV inatosha, pamoja na karatasi inayoeleza kila safu ina maana gani. Bila karatasi hiyo mtakuwa na namba nyingi na hakuna ajuaye ipi ni hisa na ipi ni deni. Na fungu la mwisho la malipo lisitoke mpaka fundi mwingine, asiye wa muuzaji, achukue nakala rudufu, aisimike kwenye kompyuta tupu, na mfumo ufunguke na salio la wanachama lilingane. Jaribio hilo moja limewahi kuniambia mengi kuliko kurasa zote za zabuni. Nimeona nakala rudufu zilizochukuliwa kwenye flashi ya USB kila Ijumaa kwa uaminifu mkubwa, na ndani yake hamna kitu.

Mkutano mkuu ndio unaopitisha makisio na ukomo wa madeni. Kwa hiyo naomba kila bodi itakayoleta ombi la fedha za mfumo mwaka huu iambatanishe ukurasa mmoja tu: umejengwa kwa lugha gani, kanzidata gani, leseni ya nani, huduma ya kila kimoja inaisha lini, nani mwingine anaweza kuutengeneza, na kumbukumbu zinatokaje. Mzabuni aalikwe, akae mbele, ajibu mwenyewe wanachama wakimsikia. Kwenye chama changu mimi nitaomba nafasi ya kuuliza, na nimeshamwarifu katibu ili swali liingizwe kwenye ajenda na lisiwekwe kwenye mengineyo.

Wenu katika ushirika,

Mwanachama na fundi wa mifumo,
Ngamiani, Tanga.